Mzio wa majira Dodoma: tuanze na ufagio, madirisha na matandiko yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie tatizo linalotusumbua wakazi wa Dodoma kila mwaka, nalo ni mzio unaokuja na majira. Wengi wetu tunaujua kwa dalili zake: chafya zinazofuatana bila kukoma, pua inayochuruzika maji mepesi, macho yanayowasha mpaka yanavimba na, kwa wenye pumu, kifua kinachobana usiku wa manane. Tumezoea kuulaumu upepo, na ni kweli kwamba upepo wa huku si wa kawaida. Hata hivyo, nina hakika kwamba sehemu kubwa ya kinachotuumiza hatukipati barabarani, bali tunakikusanya ndani ya nyumba, kisha tunakirusha hewani sisi wenyewe kila siku kwa jinsi tunavyofagia, tunavyofungua madirisha na tunavyotunza matandiko. Upepo hatuna uwezo nao, lakini haya mengine yako mikononi mwetu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Kwa kawaida huanza Desemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Kwa kuwa muda ni mfupi, nyasi na magugu huota kwa haraka, hutoa masuke karibu wakati mmoja na kumwaga chavua karibu wakati mmoja, hasa kati ya Februari na Mei. Mtama, uwele na mahindi nayo huchanua katika kipindi hichohicho, tena si katika mashamba ya Bahi na Chamwino tu, kwa maana hata mjini, kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni, ni vigumu kukuta kiwanja kitupu ambacho hakijapandwa kitu. Mvua zikikatika, nyasi hukauka, ardhi inabaki wazi, na kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa kutoka mashariki na kusini mashariki hubeba pamoja na vumbi kila kilichoachwa na masika: mabaki ya chavua, vipande vya nyasi kavu na vijimbegu vya kuvu. Kwa hiyo tuna misimu miwili ya mateso, wa kwanza ukiwa wa kijani na wa pili ukiwa wa vumbi, na kila mmoja unahitaji tahadhari zake.

Jirani zangu wengi huyatuhumu maua. Nimeona watu wakikata maua mazuri ya uani kwa sababu mtoto anapiga chafya, ilhali mimea yenye maua ya rangi kali au yenye harufu nzuri huchavushwa na nyuki na vipepeo, na chavua yake ni nzito na yenye kunata, haipeperuki kirahisi. Alizeti imo katika kundi hilo. Mimea ya kuangaliwa ni ile isiyo na ua la kuvutia, yaani nyasi na jamii yake, ambayo hutegemea upepo na kwa hiyo humwaga chavua nyingi sana ili angalau chache zifike zinakotakiwa. Mahindi nayo hutegemea upepo, lakini chavua yake ni kubwa na nyingi huangukia karibu na mmea. Hilo ni jambo jema kwa jirani aliye mbali, na ni jambo baya kwa mtu aliyepanda mahindi chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto mwenye pumu. Siwezi kumwambia mtu asilime uani kwake wakati bei ya unga tunaijua sote. Ninachoomba ni kwamba mistari ya mahindi ianze mbali na madirisha, na karibu na ukuta pakapandwa matembele, kunde au karanga.

Kuhusu vumbi, kuna jambo linalohitaji kuelezwa vizuri. Udongo wetu peke yake huwasha pua na koo, lakini kwa kawaida siyo unaoleta mzio. Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapoikosea protini fulani isiyo na madhara na kuichukulia kama adui, na protini hizo hutoka katika vitu vyenye uhai au vilivyowahi kuwa hai. Vumbi la ndani ya nyumba limejaa vitu hivyo: ngozi iliyopukutika, mba za paka, mabaki ya mende, chavua iliyoingia na nguo zetu, na kinyesi cha utitiri wa vumbi. Utitiri huu ni mdogo mno, haufiki nusu milimita, na makazi yake ni magodoro, mito, makochi na mazulia. Haunywi maji bali hufyonza unyevu wa hewani, na ndiyo maana hustawi wakati wa mvua. Kiangazi chetu kikali huua mwingi, lakini kinyesi chake na mizoga yake hubaki palepale kwenye godoro, vikisubiri mtu ajigeuze usingizini.

Sasa nije kwenye ufagio. Katika nyumba zetu nyingi siku huanza nao. Mama au binti huamka alfajiri, hufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, kisha huingia ndani na kufagia sebule na vyumba kwa ufagio laini, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa bado vitandani au wanakunywa uji. Siidharau kazi hii hata kidogo, kwa sababu usafi ni heshima ya nyumba na wanaoufanya wanachoka. Lakini anayetaka kujua ufagio mkavu unafanya nini, asimame mlangoni mara baada ya kufagia, jua la asubuhi likiwa linapenya dirishani kwa pembe, aangalie ule mstari wa mwanga unaokatisha chumba. Ataona chembe zinapanda na kushuka bila kutulia. Zile kubwa zitaanguka baada ya dakika kadhaa, tena juu ya mito na meza ya chakula, na zile ndogo zaidi zitaelea kwa saa nyingi zikivutwa puani. Sakafu imekuwa safi kwa macho, ila vumbi limehama tu kutoka chini na kuingia katika vifua vya watoto.

Dawa yake ni maji kidogo na kubadilisha utaratibu. Uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu, na madirisha ya upande huo yafungwe mpaka vumbi litulie. Ndani ya nyumba kazi ianze watu wakishatoka, na ianze juu: kabati, fremu za milango na kingo za madirisha zifutwe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ndipo sakafu ipigwe deki. Panapolazimu kufagia kwanza kwa sababu ya mchanga, tambara bichi lizungushiwe ufagio. Najua mtu atauliza maji yatoke wapi katika mtaa wenye mgao. Kufuta vyumba viwili kwa kitambaa hakumalizi nusu ndoo, na maji yaliyobaki baada ya kudeki yanatosha kunyunyizia uwanja kesho yake.

Naomba pia tumkumbuke anayefanya kazi hiyo. Binti wa kazi anayefagia nyumba nzima kila asubuhi ndiye anayevuta vumbi kuliko mtu yeyote katika familia, na mara nyingi akikohoa huambiwa ni baridi ya alfajiri. Apewe barakoa, aonyeshwe namna ya kufuta kwa kitambaa kibichi, na akiugua apelekwe kituo cha afya kama anavyopelekwa mtoto wa nyumba hiyo. Katika nyumba za kupanga zenye korido moja, ambako kila mpangaji hufagia mlangoni kwake kwa saa yake, wapangaji wakubaliane saa moja ya kufagia, kwa kuwa bila hivyo vumbi la chumba cha kwanza litaingia katika chumba cha mwisho ambacho kimeshasafishwa.

Madirisha nayo yana saa zake. Watu wengi huamini kwamba wavu wa mbu unazuia kila kitu, jambo ambalo si kweli. Tundu moja la wavu lina upana wa karibu milimita moja, wakati punje ya chavua ya nyasi haizidi sana sehemu nne za mia za milimita, kiasi kwamba punje zaidi ya ishirini zikipangwa mstari zitapita hapo kwa pamoja. Wakati wa masika, nyasi nyingi humwaga chavua asubuhi jua linapopanda na umande unapokauka. Kwa hiyo madirisha yafunguliwe mapema alfajiri, yafungwe kadiri asubuhi inavyosonga, na yafunguliwe tena baada ya mvua kubwa kunyesha, kwa kuwa mvua hiyo huwa imeisafisha hewa. Wakati wa kiangazi alfajiri inafaa vilevile, kabla upepo haujachachamaa, na mchana yaachwe wazi yale tu yasiyoelekea upepo.

Dakika za hatari zaidi ni zile za kabla ya mvua ya radi, upepo unapovuma kwa ghafla na anga kuwa jekundu kwa vumbi. Unyevu wa mawingu hayo unaweza kuzipasua punje za chavua na kutoa vipande vidogo vinavyofika ndani kabisa ya mapafu. Mwezi Novemba 2016, katika jiji la Melbourne nchini Australia, mvua ya radi ya namna hiyo iliyotokea msimu wa chavua ya nyasi iliwapeleka maelfu ya watu hospitalini kwa shida ya kupumua, na watu kumi walifariki dunia. Sisemi kwamba hali ni ileile hapa kwetu, lakini mwenye pumu anayeona wingu la radi likikaribia mwezi Februari au Machi anapaswa kuingia ndani na kufunga madirisha bila kusubiri tone la kwanza.

Wala sisemi nyumba zifungwe mchana kutwa. Nyumba isiyopitisha hewa hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu na hukusanya moshi na unyevu, hivyo anayeziba kila upenyo kwa kuogopa chavua anajitafutia maradhi mengine.

Jambo la matandiko nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo linalosahaulika. Inapofika Juni, baridi ya usiku ikaanza kuuma, familia nyingi huyatoa mablanketi yaliyokaa sandukuni au juu ya kabati tangu mwaka uliopita, yakakung'utwa mara moja mlangoni na kutandikwa usiku uleule. Watoto nao huvaa masweta ya shule yaliyokunjwa muda wote wa joto. Wiki hiyohiyo nyumba nzima hupiga chafya, na lawama zote huiendea baridi. Blanketi lililokaa miezi mingi mahali penye giza, likapitiwa na masika, limebeba utitiri na kinyesi chake, na kulitandika bila kulifua ni kulala umefunikwa na kile hasa kinachokuumiza. Lifuliwe mwezi Mei, kabla halijahitajika.

Maji yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi huua utitiri, na kwa asiye na kipimo, maji yaliyochemka yakichanganywa na maji ya bomba kwa kiasi sawa hukaribia joto hilo, mradi watoto wawe mbali na beseni. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki katika msimu mbaya. Godoro halifuliki, lakini Dodoma ina jua kali na hewa kavu, vitu viwili ambavyo utitiri hauvistahimili. Godoro likianikwa juani kwa saa kadhaa, likageuzwa, kisha likapigwa kwa fimbo mbali na nyumba na mtu asiye na mzio, hupungua mzigo wake sana. Lianikwe siku ya utulivu, si siku ya upepo, na katika msimu wa chavua shuka zianuliwe kabla ya kukaa nje siku nzima. Mwenye uwezo anaweza kushonesha mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, wenye zipu, akalivika godoro zima na mto wake. Mafundi wetu wa cherehani wanaweza kazi hiyo.

Chandarua kinahitaji uangalifu wa pekee. Hukusanya vumbi juu ya kichwa cha mtu anayelala, lakini chenye dawa hakifai kufuliwa ovyo, kwa sababu dawa yake imetengenezwa kustahimili takribani mafuo 20. Kifuliwe takribani kila baada ya miezi mitatu kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini, na katikati ya vipindi hivyo kikung'utwe nje kwa upole. Malaria haijaondoka Dodoma, kwa hiyo mtu asiache chandarua kwa sababu ya chafya.

Feni ya dari ni mtambo wa kumwaga vumbi ikiwa haijafutwa. Chukua foronya kuukuu, ilowanishe kidogo, vika panga moja la feni mpaka mwisho, shika kwa mikono miwili juu na chini, kisha vuta kuelekea kwako. Vumbi lote litabaki ndani ya foronya badala ya kuanguka kitandani. Chujio la kiyoyozi lioshwe kila mwezi wakati wa vumbi. Zulia kubwa katika chumba cha mwenye pumu halifai, na mkeka unaofutika unatosha. Anayetoka safari au shambani abadili nguo na kunawa uso kabla ya kujitupa kitandani.

Wakati wa mvua, adui mwingine ni kuvu. Doa jeusi kwenye dari chini ya bati linalovuja, au nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, humwaga vijimbegu hewani hata baada ya mvua kwisha. Kulipaka rangi doa hilo bila kuziba tundu la bati ni kulificha tu. Vivyo hivyo magunia ya mtama na karanga yanayolundikwa chumbani wakati wa mavuno: yakiwa na unyevu hupata kuvu, wadudu na unga unaowasha, na sisi wa mkoa huu hatuhitaji kukumbushwa hatari za kuvu katika nafaka, kwa kuwa mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Mazao yakaushwe vizuri juu ya turubai, na yahifadhiwe mbali na mahali pa kulala.

Nimeona pia watu wakijaribu kuitibu hewa yenyewe kwa ubani, udi, manukato ya kupuliza au dawa ya mbu ya kuchoma. Harufu nzuri haiondoi chavua wala kinyesi cha utitiri, na moshi wowote huzidisha uvimbe katika njia ya hewa ambayo tayari imewashwa.

Kuhusu tiba niseme kwa ufupi, kwa kuwa mimi si daktari. Mafua ya virusi mara nyingi huja na maumivu ya mwili, pengine na homa, na huisha ndani ya siku kadhaa. Mzio kwa kawaida hauna homa, huwasha, na hudumu wiki nyingi au hurudi kila mwaka majira yaleyale. Kumpa mtoto antibayotiki kwa ajili ya mzio hakumsaidii. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu, na mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta kwa sababu tu nyumba imesafishwa.

Yapo mambo mawili ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya peke yake. La kwanza ni nyasi za viwanja visivyojengwa na kando ya barabara za mitaa. Kwa kawaida hufyekwa zikiwa zimekauka, mwezi Mei au Juni, wakati zimeshamwaga chavua yote na kufyeka kwenyewe kunatimua vumbi na kuvu. Kisha huchomwa, na moshi ukatuingia majumbani. Tunayo tayari siku ya usafi ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nawaomba wenyeviti wa mitaa na Halmashauri ya Jiji waitumie ile ya Januari, Februari na Machi kufyeka nyasi zikiwa mbichi, kabla hazijatoa masuke, na wafugaji wa mbuzi waruhusiwe kuzichukua kwa malisho. Wenye viwanja waliopo mikoa mingine wajulishwe mapema, na asiyefyeka alipishwe gharama ya kufyekewa.

La pili linawahusu wanaojenga. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba za kupanga zimeongezeka kwa kasi, na nyingi zina madirisha makubwa yanayoelekea moja kwa moja kunakotoka upepo, milango yenye uwazi wa vidole viwili chini, na uwanja uliokwanguliwa hadi udongo mtupu. Mwenye nyumba anayejenga sasa anaweza kuweka madirisha makubwa upande uliokingwa na upepo, kufunga mpira chini ya milango, kumwaga kokoto au zege nyembamba mbele ya mlango, na kupanda mistari miwili ya miti ya kuzuia upepo, miarobaini kwa mfano, upande wa mashariki wa kiwanja. Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, mpira wa mlango ni kitu ambacho fundi hukifunga kwa muda mfupi, na mpangaji ana haki ya kumwomba mwenye nyumba akigharimie kabla ya Juni kufika.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma